Aliyesimama Mbele ya Watawa

Pamba ilitoka na joto.

Fundi aliishika kati ya vidole viwili akaigeuza, akidhani ni joto la taa ya mezani. Akachovya nyingine mdomoni, akaipitisha polepole kwenye upindo wa kanzu ya mtu aliyechorwa mbele kabisa pichani, akaitazama tena. Ilikuwa imeshika rangi ya kahawia yenye wekundu kwa mbali, nayo ilikuwa na joto la kitambaa kilichofutia uso wa mtu mwenye homa. Akaitupa kwenye kopo pamoja na zile nyingine. Katika miaka yake ya kusafisha picha alikuwa ameona mambo mengi ya ajabu ambayo baadaye yalipata maelezo yake, na hili nalo aliliacha lijieleze.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, pamoja na meza, taa, vijiti vya kuzungushia pamba na masharti mawili. Sharti la kwanza lilihusu mate. Mate ya binadamu huondoa moshi na mafuta ya mikono bila kuumiza rangi; hiyo si siri wala uchawi, wasafishaji wa picha wanaijua. Kwa hiyo fundi hakunywa chai yenye sukari kabla ya kazi, hakutafuna kitu chenye viungo, na pamba aliilowanisha ulimini mwake mwenyewe, siku nzima, mpaka jioni anazungumza kwa sauti ya mtu aliyevuka jangwa.

Sharti la pili lilikuwa kuisoma picha. Kabla ya pamba ya kwanza kuigusa, nyumba nzima ilikaa mbele yake, na kila mtu akasema anaona nini. Marehemu baba yake alikuwa akisema kwamba fundi asiyejua picha inasema nini atakuja kuifuta ulimi. Zaidi ya hapo, kwa kuisoma ndipo ilipojulikana kipi kilichorwa na mchoraji mwenyewe na kipi kiliongezwa baadaye na mkono mwingine. Na cha mkono mwingine, kwa desturi ya nyumba ile, kiliondolewa. Miaka ilipopita kusoma kuligeuka kuwa burudani. Walisoma siku ya mapumziko, baada ya chakula cha mchana, vyombo vikiwa bado mezani.

Picha hii ililetwa na mama mmoja aliyekuwa msimamizi wa bweni la wasichana, ambaye hata baada ya kustaafu kila mtu aliendelea kumwita Matroni. Ilikuwa kubwa kama mlango wa kabati. Ilionyesha kilima cheusi, kinamasi pembeni, mbingu ya rangi ya risasi iliyoinama kama inataka kulala juu ya ardhi, na mwanga kidogo wa manjano kwa mbali, usioangaza chochote. Juu ya kilima palikuwa na nyumba ya ibada iliyobomoka. Njia ilitoka mlangoni mwake ikateremka hadi ukingo wa chini wa picha, na katika njia hiyo walikuwa watawa, wale watu wa dini waliojitenga na dunia, wamefuatana mmoja nyuma ya mwingine, kanzu za kijivu, vichwa vimefunikwa, migongo kwetu.

Mbele yao wote, chini kabisa, katikati ya njia, alisimama mtu mmoja peke yake. Huyu alitutazama. Alikuwa mzee wa ndevu nyeupe, na kiganja chake cha kulia kilikuwa kimeinuliwa usawa wa kifua. Wale wengine walichorwa na bingwa. Huyu, yeyote angesema, alichorwa na mtu aliyezoea kupaka milango: kiganja kikubwa mno, mabega hayalingani.

Siku ya kusoma, wa kwanza kusema alikuwa Mjomba, mdogo wa mke wa fundi, dereva wa gari la mizigo, aliyekula kwa dada yake kila alipokuwa hana safari. Alisema huyo mzee kaachwa na wenzake, ndiyo maana anasimamisha gari apewe lifti.

“Mjomba, sisi hatuna gari,” akasema Chiriku.

“Ndiyo maana mpaka leo bado kasimama.”

Chiriku alikuwa binti yao wa pekee, mwanafunzi wa darasa la nne. Jina lake la shule lilikuwa jingine, lakini nyumbani walimwita hivyo kwa kuwa alianza kuongea kabla hajatoka kitandani na hakunyamaza mpaka usingizi umkatize katikati ya neno. Yeye alisoma kwamba watawa wamekasirikiwa na mzee wao, kawafukuza, wanarudi kujifungia, na anatuambia sisi tusiwafuate. Aliongeza mengine mengi, pamoja na majina ya kila mtawa na kosa lake, mpaka baba yake akamwomba apumzishe ulimi.

Mama Chiriku alikuwa mshonaji, cherehani yake ilikaa chumba cha pili. Alitazama picha kwa muda, pini bado zikiwa mdomoni, akazitoa.

“Hawa wanashuka,” akasema.

Wakacheka. Mjomba akamuuliza tangu lini watu wakashuka mlima kinyumenyume. Mama akasema hajui, ila anajua nguo. Mtu anayepanda nguo humkaza gotini, na hizi hazikukaza, zimelegea mbele na kujaa nyuma kama za mtu anayeteremka. Kisha akasema labda mchoraji hakujua nguo, akazirudisha pini mdomoni.

Fundi alisoma wa mwisho, kama alivyosoma wa mwisho baba yake. Alisema hii ni picha ya jioni ya watu waliomaliza kazi ya dunia. Wanarudi kwenye sala zao, na huzuni yote ya picha iko katika jambo moja: hakuna hata mmoja anayegeuka kututazama. Tumeachwa. Kwa hiyo yule wa mbele, anayetutazama na kutusalimu, anaiharibu maana yote. Ni mkono mwingine. Isitoshe, Matroni mwenyewe alikuwa ameomba, kama inawezekana, mzee huyo aondolewe, kwa kuwa hakuyapenda macho yake.

Yalikuwa maelezo mazuri. Hata Mjomba aliacha kijiko akaitazama picha upya.

Rangi ya mafuta iliyokauka haitoki kwa mate. Fundi alijua hilo kama anavyojua jina lake, na alikuwa ameandaa dawa kali ya kumwondoa mzee baada ya kumpitishia pamba ya kawaida. Lakini pamba ya kawaida ndiyo iliyomwondoa. Kanzu ilifuata pamba laini kama samli, ikiacha chini yake njia ya mawe iliyochorwa vizuri ajabu, na fundi, badala ya kushangaa, alifurahi. Alisafisha miguu, kanzu, kile kiganja, mara nyingine akiirudisha pamba ile ile ulimini. Mdomoni alisikia ladha ya chuma, akatema, akasuuza kwa maji, akaendelea.

Uso ulibaki kwa mchana. Chiriku alikuwa ametoka shule, amekaa kwenye kiti kirefu akizungusha pamba vijitini, kazi aliyoifanya vizuri kuliko mtu mzima yeyote, na alikuwa akiomba tangu majuzi aachiwe japo kipande kidogo cha kusafisha. Fundi aliutazama ule uso, kitu kidogo kama ukucha, akaona hauna cha kuharibika. Akampa kijiti.

Mtoto alilowanisha pamba ulimini, akaanza kwenye ndevu, akapanda, akiirudisha ulimini kila ilipokauka. Alifanya kwa utulivu, mara hii kimya. Alipofika machoni akasita.

“Baba, ana chumvi.”

Baba yake akamwambia ateme, asimeze. Lakini mtoto alikuwa amekwisha kumeza, na akamalizia macho yote mawili kwa mizunguko midogo, kama alivyofundishwa.

Jioni hiyo nyumba ilianza kunuka mshumaa uliozimwa. Hawakuwa na mshumaa. Harufu haikukaa mahali. Ilipita, kama ya mtu aliyepita na kitu mkononi. Baadaye kidogo Mama Chiriku, akiwa kwenye cherehani, akamuuliza mumewe ni nini anachokiburuta kule karakana. Fundi alikuwa amekaa kitako anakula. Wote wawili wakasikiliza. Ilikuwa sauti ya nguo, nguo nzito iliyolowa maji, ikivutwa sakafuni kidogo, ikisimama, ikivutwa tena.

“Si nguo moja,” akasema mke wake kwa sauti ya chini.

Fundi akachukua taa ya mkono akaenda. Karakana ilikuwa tupu. Akamulika picha, akaanza kuikagua kama kawaida kutoka pembe ya chini, na mwanga ulipofika mahali alipokuwa yule mzee, akaona kilichokuwa nyuma yake. Mtawa wa kwanza katika mstari alikuwa amefichwa na mwili wa mzee kuanzia magotini kwenda chini. Sasa alionekana mzima. Mgongo wake ulikuwa kwetu, kichwa kimefunikwa, na chini ya kanzu palitokea miguu mitupu, imechorwa kwa ustadi wa kutisha, kila ukucha mahali pake. Vidole vya miguu vilielekea kwetu.

Akahamisha taa kwa wa pili, ambaye moshi wa miaka ulikuwa umemfunika nyayo na jana tu ndipo ulipoondoka. Vivyo hivyo. Na wa tatu. Hawakuwa wanapanda. Walikuwa wanakuja, na migongo yao ilikuwa ndiyo mbele yao.

Hakumwambia mkewe. Lakini asubuhi mkewe aliingia na chai, akasimama mbele ya picha, akasema kwa upole kwamba jana huyu wa kwanza hakuwa karibu hivi na fremu.

Chiriku aliamka na sauti ya kukwaruza. Walimpa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Kesho yake sauti ilikuwa mnong'ono, na kesho yake tena akafungua mdomo, akaushika, akawatazama wazazi wake kama mtu aliyeingiza mkono mfukoni akakuta hakuna kitu. Daktari alimulika koo, akasema ni safi kuliko la mtoto yeyote aliyemwona wiki hiyo. Hakuwa na homa, ila alipoa. Mikono ilipoa kwanza, kisha miguu, na mama yake alipomkumbatia alisikia kwenye nywele zake harufu ya utambi. Nyumba ikawa kimya. Mjomba alikuja akajaribu mzaha wake mmoja baada ya mwingine, mtoto akatabasamu kwa adabu, na yule dereva akatoka nje akasimama karibu na gari lake, mgongo kwa nyumba, muda mrefu.

Ndiye aliyeibeba picha akaipeleka uani, akaiegemeza ukutani, akaifunika turubai. Sauti ya nguo zikiburutwa haikwenda uani. Ilibaki ndani, kwenye ushoroba, na ilikuwa imeacha kusimamasimama.

Fundi akaenda kwa Matroni. Alimkuta akimwagilia maua, akauliza habari za picha, naye, bila kuuliza sababu, akamweleza kama anayeeleza habari za majirani. Ilikuwa bwenini tangu kabla yake, mwisho wa ukumbi wa juu. Zamani haikuwa na yule mzee. Kulikuwa na mwaka mmoja mbaya; wasichana wawili walipotewa na sauti, wakasema ni mafua ya koo.

“Mmoja hatukumuwahi, mwanangu,” akasema. “Alipoa hivi hivi, mchana kweupe, kitabu mkononi. Wa pili alipona.”

Fundi akauliza alipona vipi. Matroni hakujua. Alikumbuka tu kwamba siku ile ile mlinzi wa bweni alitoroka kazi. Kijana mpole, nywele nyeusi tii, wasichana walimpenda kama kaka. Viatu vyake aliviacha chini ya picha, na ndani ya picha alikuwa amejichora mwenyewe, vibaya, ameinua mkono. Matroni aliona ni utani wa kuagia na akaudhika. Kisha, kadiri miaka ilivyokwenda, akaudhika zaidi, kwa kuwa rangi aliyotumia ilikuwa mbovu: ilipauka. Nywele zilibadilika kuwa kijivu, kisha ndevu zikaonekana ambazo hakumbuki kuziona mwanzo.

“Ukimtazama vizuri ungesema anazeeka,” akasema, akacheka kidogo, akahamia kwenye kopo jingine la maua.

Aliyeitwa kuja kuisomea nyumba alikuwa kinyozi. Mchana alinyoa watu kwenye kibanda chake karibu na stendi, na waliosumbuliwa na mambo yasiyo na jina walimfuata humo humo, wakamnong'oneza sikioni wakiwa wamefungwa kitambaa shingoni. Alikuja na mkoba wake, akaomba picha irudishwe ndani. Akafukiza, akasoma alichozoea kusoma, akanyunyiza maji pembe zote. Alipofika ushorobani sauti yake ikapungua, ikawa kama ya mtu anayesoma huku anasikiliza jambo jingine, na mwishowe akafunga kitabu na kidole chake bado ndani.

Mama Chiriku akamuuliza kama wametoka.

“Dada yangu, mimi hufukuza aliyeingia,” akasema kinyozi. “Hawa hawajaingia. Wamefunguliwa njia, wanapita kwao.”

Mjomba akasema basi picha ichomwe, yeye mwenyewe ana mafuta garini. Kinyozi akatikisa kichwa. Akasema ukiichoma unateketeza mlango, lakini upenyo unabaki, na hutakuwa tena na mahali pa kuuzibia. Walikuwa na mlinzi. Mlinzi mwenyewe alikuwa akiwaambia kwa mkono wake wabaki walipo, wasisogee, wasimguse, nao wakamfuta.

“Nitasimama mimi,” akasema fundi.

Kinyozi alimtazama kwa huruma, kisha akatazama chini. Alisema tayari amekwisha kuuliza hilo, kwa njia zake, na jibu si zuri. Mlinzi hakwenda hewani. Alikwenda mahali pamba ilikokwenda.

“Kinywani mwako wewe kuna kanzu,” akasema. “Kwa yule mtoto kuna uso.”

Kinyozi alikusanya vifaa vyake bila kuwatazama, akakataa hata maji ya kunywa, na mlangoni akawaambia kwamba sauti ile ikifika kitandani kwa mtoto, itakuwa kama ilivyokuwa kwa msichana wa bwenini. Na ikifika kwa mtoto haitaishia kwa mtoto. Watawa ni wengi, na mtaa una watu.

Haya yalisemwa sebuleni, na chumba cha Chiriku kilitenganishwa nayo kwa pazia tu. Walikumbuka hilo baadaye.

Siku iliyofuata ilikuwa ya mawingu, na giza liliwahi. Fundi alikuwa ameamua. Alimwambia mkewe akae na mtoto, asimwachie mkono hata iweje. Akamwambia Mjomba akae mlangoni mwa chumba. Yeye akaingia karakana, akasimama mbele ya picha, akaigeuzia mgongo, akainua kiganja usawa wa kifua kama alivyokuwa ameinua yule mzee ambaye hakuwa mzee alipoanza kusimama. Alikuwa na imani ya mtu ambaye hana kingine. Alijiambia kwamba kanzu nayo ni sehemu ya mtu, na kwamba hata kama hatoshi, huenda akatosha kwa muda.

Walikuja kabla mwanga haujaisha. Kwanza ilikuja harufu, nzito sasa, ya utambi na ya tope la kinamasi, kisha ubaridi mgongoni, kisha nguo, nguo nyingi zilizolowa, zikishuka kutoka mahali palipo juu kuliko dari na kugusa sakafu nyuma yake moja baada ya nyingine, na fundi akabana meno na kubaki na mkono wake juu, akisubiri wamfikie, akitaka wamfikie, akiomba kwa kila jina analolijua la kuombea kwamba wasimame, mpaka upindo wa kwanza ukamgusa kisigino, ukasita kama mtu anayepapasa gizani, ukamzunguka upande wa kushoto kama maji yanavyozunguka nguzo, ukaendelea. Na wa pili ukamzunguka upande wa kulia. Na wote waliobaki, bila haraka, bila hasira, wakampita yeye aliyewafungulia kana kwamba ni kiti kilichoachwa njiani, wakaingia ushorobani, kuelekea kwenye pazia.

Alijaribu kukimbia, miguu haikumtii. Alijaribu kupiga kelele kumwonya Mjomba, na ikatoka pumzi kavu tu, kwa kuwa mdomo wake, uliofanya kazi miaka yote, haukuwa na tone.

Kule chumbani Mama Chiriku alikuwa amemshika mtoto kwa mikono yote miwili. Alisikia nguo zikija, akajua kwa sikio la kazi yake zilivyo nzito na zilivyo nyingi. Alimbana mtoto zaidi. Alichokuja kusema baadaye, na alikisema mara moja tu, ni kwamba hakumwachia. Mikono yake ilikuwa imefungana pale pale, vidole ndani ya vidole, na kilichokuwa katikati yake kikapungua uzito, kikapungua tena, hadi akawa amekumbatia kifua chake mwenyewe. Mjomba pale mlangoni aliona pazia likifunguka na Chiriku akitoka, peku, katika gauni lake la nyumbani lenye maua ya buluu. Alimnyakua mkono. Ulikuwa baridi, akauhisi ukipita kati ya vidole vyake kama moshi. Mtoto akamtazama, akamtikisia kichwa taratibu, kama mtu mzima anayemkataza mtoto.

Sauti za nguo zikasimama mbele ya Chiriku. Alipopiga hatua, zikarudi nyuma hatua.

Ndivyo alivyowarudisha, ushoroba mzima, yeye anawaendea na wao wanajiondoa, mpaka karakana, ambako baba yake alikuwa bado amesimama na mkono juu. Alimpita baba yake. Fundi alipata nguvu ya kugeuka, akanyoosha mikono yote miwili, na ndipo Chiriku akasema, kwa sauti yake ya zamani, safi, ambayo hawakuisikia tangu siku ya pamba:

“Baba, usije.”

Akageuka kuwatazama wazazi wake, kwa kuwa mama naye alikuwa amefika, na akainua kiganja.

Nyumba haikunuka tena. Hakuna mtoto mwingine katika mtaa ule aliyepotewa na sauti. Kwa jamaa na shule zilitolewa habari nyingine, ambazo si za kuandikwa hapa. Matroni alipoleta mtu kuchukua picha, Mjomba alimwambia imeharibika, haifai tena kuonekana, na Matroni hakuuliza mara mbili. Mjomba mwenyewe akaomba safari za mbali, na akazipata.

Picha inaning'inia karakana, mahali pasipofika jua. Kilima ni kile kile, mbingu ni ile ile. Watawa wamerudi juu kidogo, migongo kwetu. Katikati ya njia yuko mtoto wa kike aliyechorwa vibaya, kiganja kikubwa, mabega hayalingani, gauni la maua ya buluu. Mgeni mmoja aliyewahi kuiona alisema anapendeza, anatusalimu.

Mwanzoni Mama Chiriku alikuwa akija kila asubuhi kabla ya chai na kumwambia mumewe neno moja: mfute. Alimwambia kwa upole, alimwambia kwa kulia, alimwambia na kijiti cha pamba alichokitengeneza mwenyewe. Siku moja fundi alikilowanisha. Alikisogeza hadi karibu na upindo wa gauni, akahisi joto kabla ya kugusa, akakumbuka mlinzi alitoka na rangi gani, na kwamba hakurudi kuwa mtu, aliishia pambani. Akakishusha. Mkewe aliona. Hakumwomba tena, wala hawakulizungumza.

Kisha, katika mvua zilizofuata, akaja jioni akiwa na utepe wake wa kupimia shingoni. Alisimama karibu na picha kadiri kile kiganja kilivyoruhusu, akatazama muda mrefu.

“Hili gauni nililishona mimi,” akasema. “Lilikuwa linamfika chini ya magoti.”

Fundi akaja akasimama kando yake, akavaa miwani. Gauni lilikuwa limepanda juu ya magoti. Mikono ilikuwa imetoka kidogo nje ya mikono ya nguo, na usoni ule uviringo wa utoto ulikuwa umeanza kwisha.

Kwa muda mfupi, kitu kama furaha kilipita kati yao. Anakua, basi yu hai. Kisha fundi akawaza nywele nyeusi tii za yule mlinzi. Akahesabu bila kutaka. Wao wangekuwa wamekufa kabla yake. Angesimama pale peke yake, akizeeka, na siku moja mtu asiyemjua angeisoma ile picha na kuona bibi kizee anayewaharibia watu maana.

Hakuyasema. Hakukuwa na haja. Mkewe alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu cha kuzungushia pamba, na uso wake ulionyesha kwamba amefika huko kabla yake.

Baadaye alisikia cherehani ikifunguliwa. Alipokwenda alimkuta amekunjua kitambaa kipya mezani, cha maua ya buluu, chaki mkononi. Hakumuuliza ni cha nani, wala hakumuuliza atakifikishaje. Alishika ncha ya pili ya kitambaa ili kinyooke.

“Niache upindo mkubwa?” mkewe akauliza.

“Acha mkubwa,” akasema.